Si ulafi wala uvivu: Jinsi homoni zinavyotawala uzani na afya ya mwanamke

MWANAMKE anaporejea kijijini baada ya kukaa mjini kwa muda, salamu za majirani huanzia mwilini mwake. Akiwa amenenepa, huambiwa kwamba mji umemkubali au kwamba mumewe anamtunza vyema. Akiwa amekonda, minong'ono huanza kabla hajavua viatu.

Mjini nako, mwanamke huyo huyo husikia lugha nyingine. Nguo zikimbana, au akihema anapopanda ngazi za ofisi, wenzake humshauri apunguze chapati na aache uvivu.

Sifa za kijijini na lawama za mjini zina kosa moja. Zote huchukulia kwamba uzani wa mwanamke ni zao la sahani yake pekee, na hivyo humzuia kujiuliza swali muhimu: je, mwili huu unabadilika kwa sababu ya chakula, au kwa sababu ya ugonjwa ambao haujatambuliwa?

Jibu la swali hilo aghalabu hupatikana katika homoni. Hizi ni kemikali ambazo hutengenezwa na tezi na viungo mbalimbali, kisha hubebwa na damu mithili ya matarishi wanaopeleka amri kutoka pembe moja ya mwili hadi nyingine. Ndizo huamua lini mtu ahisi njaa, lini ashibe, kiasi gani cha chakula kitumike na kiasi gani kiwekwe akiba, na akiba hiyo ikae wapi.

Suala hili si dogo nchini Kenya. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022, asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiwango kinachofaa. Miongoni mwa wanaume, kiwango hicho kilikuwa chini ya nusu ya hapo.

Moto usiozimika

Umetaboli ni jumla ya kazi zote ambazo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu na kujenga au kukarabati viungo. Hata mtu akiwa amelala fofofo, moyo hudunda, mapafu huvuta hewa na ini huendelea na shughuli zake. Kwa watu wengi, kazi hizi za kimyakimya humaliza takriban asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zote ambazo mwili hutumia kwa siku.

Misuli hutumia nguvu nyingi kuliko mafuta. Kwa kuwa wanawake kwa wastani wana misuli michache na mafuta mengi kuliko wanaume, mke na mume wenye uzani sawa hawahitaji chakula cha kiasi sawa. Mke anayepakuliwa ugali sawa na wa mumewe huenda akanenepa hata kama wote wawili hulima shamba moja.

Wengi huamini kwamba moto huu wa mwili huanza kufifia mara tu mtu anapotimiza miaka 30. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Mmarekani Herman Pontzer na wenzake, ambao ulihusisha zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha vingine. Ukizingatia ukubwa wa mwili wa mtu, umetaboli hubaki takriban ule ule kutoka umri wa miaka 20 hadi 60. Baada ya hapo hupungua kwa chini ya asilimia 1 kila mwaka.

Mtafiti huyo alikuwa tayari amewashangaza wengi mwaka 2012 kwa matokeo kutoka nchi jirani ya Tanzania. Yeye na wenzake walipima nguvu zinazotumiwa na Wahadza, jamii inayoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Licha ya kutembea mwendo mrefu kila siku, Wahadza walitumia nguvu takriban sawa na watu wa mijini Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa sawa na wao.

Funzo lake ni kwamba mazoezi pekee hayatoshi kupunguza uzani. Faida yake kubwa iko kwingine: hulinda misuli, moyo na mifupa, na kuufanya mwili uitii insulini.

Insulini, mshika ghala

Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Mtu anapokula ugali, wali au mandazi, wanga hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Insulini hufungua milango ya chembe za mwili ili sukari hiyo iingie na kutumika. Inayosalia huwekwa akiba katika ini na misuli, na ziada yake hugeuzwa mafuta.

Matatizo huanza chembe zinapokuwa sugu kwa amri za insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kufanya kazi ile ile. Maadamu insulini imejaa katika damu, mwili huelekea zaidi kuweka mafuta kuliko kuyatumia, hususan ya tumboni.

Hali hii inaweza kudumu kwa miaka bila maumivu yoyote. Dalili moja huonekana kwenye ngozi: weusi mzito nyuma ya shingo au kwapani, ambao wengi hudhani ni uchafu na kuusugua bila mafanikio. Kongosho likichoka, kisukari cha aina ya pili hubisha hodi.

Njaa si tabia mbaya

Mwaka 1994, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Jeffrey Friedman jijini New York kilitangaza kugundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Mwaka 1999, watafiti wa Japani nao waligundua grelini, ambayo hutoka tumboni na kuchochea njaa.

Ugunduzi huu ulibadilisha fikra za wataalamu kuhusu unene. Mtu anapokonda kwa ghafla, leptini hushuka na ubongo huchukulia kwamba kuna baa la njaa. Hamu ya chakula huongezeka na mwili hubana matumizi ya nguvu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 14 waliokuwa wameshindana kwenye televisheni kupunguza uzani kwa kasi. Miaka 6 baadaye, wengi walikuwa wamenenepa tena, lakini miili yao bado ilitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hivyo, mwanamke anayejinyima chakula kwa wiki mbili kabla ya harusi, kisha akanenepa upya, hakukosa nidhamu. Mwili wake ulikuwa unajilinda.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwuguzi wa zamu za usiku, au mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni, hukosa muda ambao mwili huutumia kusawazisha homoni za njaa na shibe.

Hedhi na uja uzito

Kila mwezi, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka. Katika siku zinazotangulia hedhi, hamu ya vitu vitamu huongezeka na mwili huhifadhi maji. Ongezeko la kilo moja au mbili katika siku hizo si mafuta, na huondoka lenyewe. Anayejipima kila siku hujitia wasiwasi bure.

Uja uzito huleta mabadiliko makubwa zaidi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama ili mtoto apate sukari ya kutosha. Kongosho la mama likishindwa kumudu mzigo huo, hupatwa na kisukari cha uja uzito.

Kisukari hicho kwa kawaida hutoweka baada ya kujifungua, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mwanamke aliyewahi kukipata anakabiliwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili inayokaribia mara 10 ya ile ya asiyewahi kukipata. Anapaswa kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha mara kwa mara maishani.

Kunyonyesha kwa upande wake hutumia takriban kalori 500 kwa siku. Hata hivyo, desturi ya kumlisha mzazi uji na supu bila kipimo kwa miezi kadhaa, huku akikatazwa kazi yoyote, inaweza kumwongezea zaidi ya mahitaji hayo.

Ugonjwa unaoitwa utasa

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana tatizo la homoni linalojulikana kwa kifupi kama PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nalo hawajatambuliwa.

Wengi wa wagonjwa hawa wana usugu wa insulini. Insulini inapozidi, huzichochea ovari kutengeneza kupita kiasi homoni za kiume kama vile testosteroni. Mayai hayakomai ipasavyo, hedhi hupotea kwa miezi, chunusi hutapakaa, na ndevu huota kidevuni. Wengi huongeza uzani tumboni, ingawa wapo wembamba wenye ugonjwa huu.

Katika jamii ambapo mwanamke asiyepata mtoto hunyoshewa kidole, mgonjwa huyu huitwa tasa. Hutembezwa kwa waganga, na wakati mwingine mume huoa mke mwingine, ilhali tatizo lenyewe linaweza kutibiwa. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzani kunaweza kurejesha hedhi kwa baadhi yao, na zipo dawa za kusaidia yai kukomaa.

Kulipuuza ni hatari hata kwa asiyetaka mtoto. Hedhi inapokosekana kwa muda mrefu, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi hujikusanya na kuongeza hatari ya saratani.

Tezi ya shingoni

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyo mbele ya koo. Homoni zake ndizo huamua kasi ya moto wa mwili. Wanawake huathiriwa na maradhi yake mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Tezi hii inapolegea, mgonjwa huhisi baridi wenzake wakitokwa na jasho, huchoka bila kazi, hufunga choo, nywele hukatika, ngozi hukauka na hedhi huwa nzito. Uzani huongezeka, ingawa kwa kawaida ni kwa kilo chache, na sehemu kubwa huwa ni maji na chumvi. Mwenye dalili hizi huitwa mvivu, na wengine hutibiwa kwa upungufu wa damu au msongo wa mawazo pekee.

Inapofanya kazi kupita kiasi, mambo hugeuka. Mgonjwa hukonda huku akila vizuri, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na usingizi humpaa. Huyu naye husengenywa kwamba ana ugonjwa wa aibu.

Thairoidi huhitaji iodini, na ukosefu wa madini hayo ni chanzo kimojawapo cha rovu, uvimbe wa shingo uliowasumbua watu wengi wa nyanda za juu. Ndiyo sababu sheria ya Kenya inahitaji chumvi ya mezani itiwe iodini.

Kipimo cha damu kiitwacho TSH hutosha kuanza uchunguzi. Tezi iliyolegea hutibiwa kwa kidonge cha kila siku, ambacho humezwa kwa maji kabla ya kula chochote. Anayekimeza kwa chai ya maziwa hupunguza nguvu yake, kisha hushangaa kwamba hapati nafuu.

Sindano ya miezi mitatu

Madai kwamba mbinu za kupanga uzazi hunenepesha yamezua ubishi kwa miaka mingi. Jibu la wazi lilitokana na utafiti uliofanywa kati ya 2015 na 2018 nchini Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, ambako kituo chake kilikuwa Kisumu. Ulihusisha zaidi ya wanawake 7,800 waliogawanywa katika makundi matatu bila upendeleo.

Uzani wa waliodungwa sindano ya miezi mitatu uliongezeka kwa wastani wa kilo 3.5. Waliowekewa vijiti vya mkononi waliongeza kilo 2.4, nao waliowekewa kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, waliongeza kilo 1.5.

Malalamiko ya kina mama hayakuwa ya kubuni, basi. Lakini takwimu hizo zinaonyesha pia kwamba hata wasiotumia homoni waliongeza uzani. Anayenenepa haraka katika miezi 6 ya kwanza ya sindano anafaa kurudi kliniki ashauriwe kuhusu mbinu nyingine, badala ya kuacha ghafla na kupata mimba asiyoitarajia.

Krimu na vidonge vya vichochoroni

Kotisoli ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na huongezeka mtu anapokuwa na dhiki. Ikizidi kwa muda mrefu, mafuta hujikusanya usoni, mgongoni na tumboni, misuli ya mikono na miguu hupungua, na shinikizo la damu na sukari hupanda.

Hali hii aghalabu husababishwa na dawa za kundi la steroidi. Baadhi ya krimu za kujichubua ngozi huwa na steroidi kali zinazopenya hadi kwenye damu. Vidonge vinavyouzwa kimagendo ili kukuza makalio navyo vinaweza kuwa na dawa hizo hizo. Anayevitumia hudhani ananenepa kwa afya, kumbe uso umevimba kwa sumu.

Aliyezoea dawa hizi kwa muda mrefu hafai kuziacha kwa siku moja, kwani tezi zake huenda zimelala na hawezi kutengeneza kotisoli yake mwenyewe. Ni daktari anayepaswa kumpunguzia polepole.

Hedhi inapokoma

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikipeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja. Inapopungua, mafuta huhamia tumboni hata kama mizani haionyeshi ongezeko kubwa. Wakati huo huo misuli hupungua na usingizi hukatizwa na joto la ghafla.

Mafuta ya tumboni huzingira ini na matumbo, na huchangia kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Isitoshe, baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili hugeuka kuwa kiwanda kikuu cha estrojeni, jambo linaloongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mfuko wa uzazi.

Kwa sababu hiyo, utepe wa fundi cherehani unaweza kueleza mengi kuliko mizani. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni onyo, na kuzidi sentimita 88 ni hatari kubwa.

Tiba na tahadhari

Sindano mpya zinazoiga homoni ya shibe, kama vile semaglutide, zimewapa wengi matumaini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliodungwa kila wiki kwa wiki 68 walipunguza takriban asilimia 15 ya uzani wao. Walioacha, hata hivyo, walirejesha karibu theluthi mbili ya uzani huo katika muda wa mwaka mmoja.

Dawa hizi hazifai kwa mwanamke mjamzito. Aidha, mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia. Kuinunua mitandaoni bila cheti cha daktari ni kucheza na uhai.

Njia ya zamani bado ina nguvu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokaribia kupata kisukari walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki.

Lengo hilo linaweza kufikiwa bila gharama kubwa. Nusu ya sahani iwe mboga kama vile sukuma wiki, managu, terere au kunde. Robo iwe maharagwe, dengu, omena, mayai au nyama, na robo inayosalia iwe ugali, viazi au wali. Chai ipunguzwe sukari, na soda ibaki kuwa ya sherehe. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, hutimiza dakika hizo 150. Kuinua vitu vizito, hata ikiwa ni mtungi wa maji, hulinda misuli.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazifai kusubiri mazoezi wala lishe. Miongoni mwake ni uzani kupanda au kushuka kwa kasi bila sababu, hedhi kukosekana kwa miezi 3 bila mimba, ndevu kuota, uvimbe shingoni, kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, uso kuvimba na kuwa mviringo, au damu kutoka baada ya hedhi kukoma.

Mwenye dalili hizo anafaa kufika hospitalini na kuomba apimwe shinikizo la damu, sukari na thairoidi. Ni vyema aandike tarehe za hedhi na dawa zote anazotumia, zikiwemo krimu na za mitishamba, ili amwonyeshe daktari.

Waswahili husema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani anayesifu au kulaumu mwili wa mwenzake hawezi kuuona ufa huo kwa macho. Tone la damu katika maabara linaweza.